Pembe Zote Ziondoke

Jumatatu saa kumi jioni fundi makochi alipima sebule. Alianzia mlangoni, akaivuta futi yake ya chuma ukutani, akaandika namba kwenye daftari dogo kwa penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni. Alipofika pembe ya nne, ile ya dirishani, alimkuta Shangazi amekaa juu ya stuli yake, kikombe cha chai mkononi, anapiga soga na muuza mayai aliyesimama nje. Fundi hakumwambia asogee. Alipitisha futi mbele ya magoti yake, akaisoma, akaandika: Shangazi, sentimita sitini.

"Umenipunja," alisema Shangazi bila kugeuka. "Nikivuta pumzi nafika sitini na tano."

Fundi akafuta, akaandika sitini na tano. Alikuwa mtu wa kuandika anachoambiwa.

Pembe ile ilikuwa ya Shangazi tangu nyumba ilipoezekwa. Kulia kwake palikuwa na dirisha la barabarani, kushoto mlango wa jikoni, na kati ya viwili hivyo hakuna habari iliyompita. Alijua nani kanunua kitanda kipya na nani karudisha. Muuza mayai alikuwa akimletea habari za mtaa wa juu, mama wa duka za mtaa wa chini, na yeye alizichanganya palepale dirishani, akaongeza chumvi kidogo, akazirudisha mjini. Ikipita siku mtu asipogonga kioo kumsalimia, usiku alilalamika mgongo.

Wifi yake aliingia kutoka jikoni akijifuta mikono, simu tayari imewashwa. Wifi alikuwa mke wa mdogo wake Shangazi, mwanamke mnene wa haraka, aliyekuwa na picha mia mbili za sebule za watu asiowajua.

"Fundi, tazama hapa. Kochi linazunguka hivi, kama mwezi mchanga. Meza duara. Taa hazionekani zilipo, zinamwagika tu kutoka juu, zinapinda na dari. Umeona? Hakuna hata kitu kimoja kilichokaa kama sanduku."

"Nimeona, mama."

"Jumapili wakwe wanakuja kwa ajili ya binti yangu. Sitaki waingie kwenye boksi la kiberiti. Sitaki kuona pembe humu ndani. Pembe zote ziondoke."

"Zote?"

"Nimesema zote. Au nikuimbie?"

Fundi aliandika: Pembe, zote ziondoke. Kisha akapitisha penseli juu ya orodha yake, akaishusha taratibu hadi chini.

"Na Shangazi?"

"Huyo tutamweka pembeni."

Fundi alisoma tena alichoandika. "Pembeni hakutakuwepo, mama."

"Wewe fanya kazi, fundi."

Muuza mayai alikohoa nje ya dirisha. Shangazi alimaliza chai yake. Ilikuwa imepoa, lakini aliimaliza yote, kisha akaupindua upindo wa gauni lake, akauangalia kama anatafuta uzi uliofumuka.

Kazi ilifanyika uani, kuanzia Jumanne. Fundi alileta plaiwudi, sponji, pini, na marobota mawili ya mahameli ya rangi ya haradali. Shangazi alitoa stuli yake nje akakaa karibu, kwa sababu ndani kulikuwa kunapigiliwa dari la jipsamu na vumbi lilikuwa halimpi mtu nafasi ya kuongea.

Aliipenda kazi ile, hilo hakulificha. Alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini, na mikono ya mshonaji haizeeki pamoja na mwenyewe. Alimwona fundi anauchanja mgongo wa plaiwudi kwa msumeno, mistari mingi iliyokaribiana, bila kuutoboa upande wa pili. Kisha akaumwagia maji ya moto, akauinamisha, nao ukainama bila kulia.

"Kumbe ni vilevile," alisema Shangazi. "Na kola ya duara ukitaka ilale, unaichanja kwa ndani. Kwa nje mtu anaona kola tu."

"Usipochanja inavutika."

"Inavutika, halafu inamnyonga mwenye shingo. Nilishawahi kumnyonga mwalimu mkuu mzima, mbele ya wazazi."

Fundi alicheka. Shangazi naye akapata mlango. Alimwonyesha nyumba kwa kidole, chumba kimoja baada ya kingine, na ushonaji uliokijenga. Kile cha mwisho kilikuwa sare za shule ya wasichana. Jikoni ilikuwa mapazia ya hoteli, yale mekundu yaliyokuja kupauka. Sebule yenyewe ilikuwa magauni ya kwaya tatu, na korido ilikuwa viraka, zipu na vifungo vya watu, mwaka mzima wa vifungo.

"Kumbe nyumba ni yako?" aliuliza fundi.

"Yangu. Imeandikwa jina la mdogo wangu kwa muda tu. Wakati ule mimi nilikuwa na cherehani mchana kutwa, yeye ndiye aliyeweza kushinda foleni kule ofisi ya ardhi."

"Kwa muda gani?"

"Huu ni mwaka wa thelathini na moja."

Fundi aliitoa penseli sikioni, akaishika kidogo juu ya daftari, akairudisha sikioni.

Si kwamba Shangazi hakuwahi kuuliza. Aliuliza kila mwaka, mwaka mwingine mara mbili. Mdogo wake hakuwa mtu mkali, tena alimheshimu dada yake, hakuwahi kumwinulia sauti. Alimwambia kesho, Dada. Alimwambia Jumatatu, maana Ijumaa wanafunga mapema. Alimwambia karani aliyekuwa anamjua kahamishwa, asubiri ajuane na mwingine. Alimzungusha kwa adabu, na Shangazi, ambaye katika mtaa ule wote hakuna aliyeweza kumdanganya bei ya yai, alizunguka.

Alhamisi saa tano asubuhi kochi liliingia. Lilipita mlangoni kwa ubavu, kama mama mjamzito. Lilipowekwa lilikumbatia sebule kutoka mlango hadi dirisha. Juu yake dari lilikuwa na mfereji uliopinda, na ndani ya mfereji fundi alikuwa amelaza taa za utepe. Akawasha.

Pembe ya kwanza iliondoka palepale, ile iliyokuwa karibu na mlango. Haikubomoka wala haikudondosha chokaa. Ukuta ulijikunja tu, kama mtu anayejivuta kwenye shuka asubuhi ya baridi, na pale palipokuwa na pembe pakawa na mzunguko laini.

"Umeona kazi!" alisema Wifi.

Fundi alichora mstari mmoja kwenye daftari. Ya pili iliondoka watu wakiwa wanakula, ya tatu wakati Binti anatoa vyombo. Wifi alicheka jino pembe, na hiyo ndiyo pembe ya mwisho kuonekana mdomoni mwake.

Ya nne ilichelewa kwa sababu Shangazi alikuwa amekaa ndani yake. Alikuwa amerudisha stuli yake mahali pake tangu kochi lilipopita, akajibana kati ya mgongo wa kochi na dirisha, na hakuwa na mpango wa kuinuka. Fundi alikaa chini akasubiri. Hakuwa na haraka. Lakini Shangazi alikuwa amekunywa vikombe vitatu vya chai, na ilipofika saa tisa alikwenda msalani akikimbia kidogo. Aliporudi, stuli ilikuwa katikati ya sebule. Dirisha lilikuwepo bado, ila sasa lilikuwa duara, na mgongo wa kochi ulikuwa umelifunika hadi juu ya nusu. Muuza mayai alipopita saa kumi, ilionekana kofia yake tu, inatafuta.

Fundi alichora mstari wa nne, akafunga daftari.

Kufika Ijumaa mambo yalikuwa yamesambaa nyumba nzima. Kitabu cha dua kilikuwa duara, na bahasha, na mkate. Picha ya marehemu baba ukutani ilikuwa imekata mabega yake ili itoshe. Vijiti vya kiberiti vilikataa kulala pamoja. Taa nazo zilikuwa hazitupi kivuli popote, maana mwanga wake ulipinda: ulitoka sebuleni, ukakata mlango, ukafuata korido, ukaingia jikoni na stoo bila kumwomba mtu ruhusa. Ukikaa kwenye kochi uliona sufuria inayochemka upande wa pili wa ukuta. Wifi aliona hilo ni faida, akawa anapika akiwa amekaa.

Lakini hakuna aliyetulia. Mdogo wake Shangazi, mstaafu aliyezoea kusimama kwenye pembe ya mlangoni akiongea na simu kwa sauti ya chini, sasa alitembea na simu mkononi asijue pa kunong'onea. Binti alikuwa akitoka chumbani kwake kwenda bafuni anajikuta tena mbele ya chumba chake. Waliokaa kwenye kochi waliteleza polepole hadi katikati, magoti yakagusana, na kwa kuwa walikuwa ndugu, wakaanza kugombana.

Shangazi ndiye aliyeteseka zaidi. Aliiweka stuli kando ya ukuta, ikateleza ikarudi katikati. Aliiweka tena. Watu walimwambia anaziba televisheni. Aliinyanyua, akatafuta mahali pa kuiweka, akatafuta, na kwa kuwa kila mahali palifanana na pengine, miguu haikujua pa kusimamia. Akawa anazunguka. Alizunguka Ijumaa nzima, stuli kwapani, hadi slipa zake zikalika upande mmoja.

"Wifi, leo hutulii?" aliuliza wifi yake.

"Nitulie wapi?"

"Si nyumba yote hii."

"Ndiyo nazunguka yote hii, wifi yangu. Nikipaona nitakwambia."

Jumamosi asubuhi Binti alikuwa akifagia. Chini ya kochi ikatoka sauti, ikabingirika hadi katikati ya sebule, ikasimama. Ilikuwa ya mama yake, ya wiki iliyopita, imeshushwa kama ya mtu anayejikinga mdomo kwa mkono.

"Lile wigi lake lina umri mkubwa kuliko mume wake," ilisema.

Binti aliifagia hadi mlangoni. Ikarudi. Nyuma yake ikaja kicheko cha Binti mwenyewe, cha simu, kile ambacho baba mtu hakupaswa kukisikia. Halafu maneno yakaanza kutoka moja baada ya jingine, kila lililowahi kusemwa pembeni katika nyumba ile. Yalipita kando ya kuta yakitafuta pembe zao, yasipoziona yakaja kukaa katikati, kwenye zulia la duara. Kufika saa sita mchana mtu alilazimika kuinua mguu ili kupita.

Wifi alimpigia simu fundi. Fundi alikuja, akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Ni kawaida," alisema. "Kwenye pembe hukaa vitu. Ukiziondoa, vitu vinahamia kati. Nyumba ya wiki iliyopita yalitoka meno ya bandia, seti tatu, na wote wana meno yao."

"Hayafungiki?"

"Nikikurudishia pembe moja, yatajaa humo."

"Sitaki pembe. Wageni ni kesho."

"Basi wape chai ya moto. Mtu akipuliza chai hasikii sana."

Ndipo likaja la kumhusu Shangazi. Lilibingirika kutoka upande wa mlango, sauti ya Wifi, ya mwezi uliopita: "Ugeni ukiisha ahamie stoo. Pale dirishani nataka kusimamisha taa." Nyuma yake, kama mkia, sauti ya mdogo wake: "Sawa, ila mwambie wewe."

Mdogo mtu alikuwa palepale anasoma gazeti lake la duara. Aliligeuza kidogo, kwa sababu lilikuwa halina juu wala chini.

"Si umesikia, wifi," alisema Wifi.

"Nimesikia."

"Afadhali. Nilikuwa natafuta njia ya kukwambia. Usingizi ulikuwa hauji."

"Pole sana, wifi."

"Na kwa vile umeshajua, ungeanza leo. Kesho kutakuwa na watu wengi."

Shangazi alipeleka vitu vyake stoo mwenyewe: godoro, cherehani yake iliyofunikwa shuka, kopo la vifungo, na gauni la zambarau aliloshona kwa ajili ya ugeni. Miezi miwili alikuwa amejiandaa kwa ule ugeni. Alikuwa amepanga ni hadithi gani aanze nayo na ipi aibakize ya kusindikizia wageni. Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na ndoo, mafagio na gunia la mkaa, na vyote, kwa kukosa pembe, vilikuwa vimerundikana katikati.

Lakini alipokuwa akivuka korido mara ya mwisho, akisikiliza yale maneno yanavyotoka, aligundua mpangilio wake. Yalianza ya juzi, yakafuata ya miaka miwili, yakafuata ya wakati Binti akiwa mtoto. Ya zamani yalikuwa chini kabisa. Na pembe iliyoondoka mwisho, ile ya dirishani, ilikuwa haijatoa hata neno.

Shangazi alijua kilichokuwamo. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, jioni, dirisha likiwa bado halina vioo, mdogo wake alimfuata kwenye pembe ile, yeye akiwa anashona, akamwambia jambo. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Kulikuwa na pembe tu.

Alianza kuhesabu. Yaliyotoka asubuhi yalikuwa ya miaka hii, ya jioni yalikuwa ya miaka ile. Kwa mwendo ule, lake lingefika kesho alasiri. Hakulala vizuri. Aligeuka juu ya godoro kama mtu aliyelalia kifungo.

Wageni walikuja Jumapili saa tisa: kijana mwenyewe, baba yake aliyekuwa mkimya kama kabati, na mama yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, na aliingia akitazama dari kwanza, watu baadaye.

"Mashallah, nyumba imezunguka!"

"Tumejaribu tu," alisema Wifi, na mikono yake ikatafuta aproni ambayo hakuivaa.

Walikaa. Wakateleza. Muda si mrefu wote sita walikuwa katikati ya kochi, magoti kwa magoti, kila mmoja na kikombe chake mbele ya pua ya mwenzake. Maneno kwenye zulia yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cha meza, na yalisikika kidogokidogo, kama redio ya jirani. Mwanga ulimwagika kutoka juu, ukapinda, ukafuata korido, ukaingia stoo, ukamwonyesha Shangazi amekaa juu ya stuli kati ya ndoo, ndani ya gauni la zambarau, mikono magotini.

Mama mkwe alishusha miwani. "Yule mama kule ndani, mbona haji kunywa chai?"

"Ni wifi yangu huyo. Hapendi watu."

"Ahaa."

"Tangu zamani. Anapenda ukimya wake."

Mama mkwe alimpungia mkono. Shangazi alimpungia wake, wote wawili, huku akiinuka nusu kutoka kwenye stuli. Kisha akakaa, kwa sababu hakuitwa, na akaangalia saa. Ilikuwa saa kumi kasoro tano.

Mazungumzo hayakushika. Wifi alisifu kazi ya kijana, mama mkwe alisifu biskuti, baba mkwe alipuliza chai iliyokwisha poa. Mdogo wake Shangazi alikuwa akikunja na kukunjua mguu. Binti alitazama chini, kwenye kile kitambaa, akiomba kicheko chake kisije kikatoka.

Saa kumi na dakika ishirini kitu kilijigonga nyuma ya kochi, upande wa dirisha. Kilizunguka mgongo wa kochi lote, bila haraka, kikatokea mlangoni, kikaja hadi katikati na kupanda juu ya kitambaa. Kwanza ulisikika mlio wa cherehani ya mguu. Halafu sauti ya kijana wa miaka ishirini na tisa.

"Dada, wacha tuandike jina langu kwa sasa, tusipoteze kiwanja. Nyumba ni yako. Wewe ndiye umeijenga, mimi nimeshika foleni tu. Siku yoyote ukitaka, tunageuza."

Na sauti ya mwanamke aliyebana pini midomoni: "Sawa, mdogo wangu."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikanyamaza.

Mdogo mtu, sasa ana miaka sitini, alijiongezea sukari.

"Kumbe nyumba ni ya dada," alisema mama mkwe.

"Ilisemwa hivyo," alisema mdogo wake.

"Na mmeshageuza?"

"Tunashughulikia. Pengine Jumatatu."

Mama mkwe alitikisa kichwa kama mtu anayezijua ofisi. Akachukua biskuti nyingine. Zote zilikuwa duara, lakini hizi zilikuwa hivyo tangu dukani.

Shangazi alikuwa amefika. Alisimama kwenye mlango wa korido, stuli mkononi, gauni limekaa vizuri mabegani.

"Mmesikia," alisema.

"Tumesikia, dada," alisema mama mkwe.

"Wote?"

"Mimi nimelisikia lote," alisema baba mkwe, na hilo ndilo neno pekee alilosema siku ile.

"Sasa?"

Wifi aliangalia buli. Mdogo wake aliangalia kijiko. Mama mkwe ndiye aliyejisogeza, na kwa kuwa kochi lilikuwa vile lilivyo, wote wakasogea, na nafasi ikapatikana katikati kabisa.

"Njoo ukae hapa, dada, chai isipoe. Nimeambiwa hupendi watu."

"Mimi?" alisema Shangazi, akakaa. "Nani kasema? Mimi nikikosa watu naongea na mafagio. Hebu niambie kwanza, hiyo miwani umenunua kwa yule wa karibu na posta, mwenye jicho moja? Aa, basi nina habari yake."

Akaanza. Alianza na ya mwenye miwani, akaunganisha na ya mwalimu mkuu aliyenyongwa na kola, akapitia kwenye wigi lenye umri mkubwa kuliko mume, na chini ya kitambaa lile neno lenyewe likamwitikia. Mama mkwe alicheka hadi mnyororo ukakatika. Baba mkwe alifuta machozi kwa leso. Kijana akamshika Binti mkono na hakuna aliyeona, au wote waliona. Muuza mayai alisikia vicheko akiwa barabarani, akavua kofia yake, akaipandisha kwenye nusu ya dirisha ili na yeye ahesabiwe. Kwa saa nzima nyumba ilijaa kama zamani, na Shangazi hakuzunguka hata mara moja.

Uchumba ukapita. Tarehe ikapangwa. Wakati wa kuaga, mama mkwe alimvuta Wifi, na kwa kuwa pembeni hakukuwepo, alisema mbele ya wote.

"Nipe namba ya fundi wako. Kochi nimelipenda."

"Nitakutumia leoleo."

"Ila mwambie kwangu abakize pembe moja." Alivaa viatu vyake. "Na sisi tuna mtu."

Jumatatu ya wiki ya pili fundi alirudi. Wifi alimwambia yale maneno yanamsumbua, hasa lile moja, ambalo sasa lilikuwa linasema kila siku saa kumi na dakika ishirini hata kama kuna wageni. Alitaka pembe moja tu, stoo. Fundi aliandika: Pembe, moja, stoo.

Kazi haikuchukua muda. Alisimamisha mbao mbili zilizonyooka, akazikutanisha, akapiga misumari. Shangazi ndiye aliyemshikia futi.

"Nikupime?" aliuliza fundi.

"Si unayo namba yangu."

Fundi alifungua daftari kurasa za nyuma. "Sitini na tano."

"Ndiyo hiyo. Usinipunje."

Kabla ya kwenda fundi alisimama kidogo, akapitisha kidole juu ya mbao. "Hizi sijazichanja," alisema. "Zimenyooka." Shangazi alisema ameona.

Stuli ilipowekwa kwenye ile pembe, ilitulia. Haikuteleza. Shangazi alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile miguu yake ilijua pa kusimamia. Maneno nayo yalikuja. Yaliinuka kutoka kwenye zulia, yakafuata korido, moja baada ya jingine, yakaingia stoo na kujipanga kwenye ile pembe, chini ya stuli, kati ya ndoo, juu ya kopo la vifungo. Sebule ikabaki kimya na nzuri. Pale dirishani Wifi alisimamisha taa yenye shingo iliyopinda, na watu walioiona waliisifu.

Muuza mayai siku hizi anapitia uani. Anagonga ukuta wa stoo, Shangazi anamjibu, na habari zinapita kwenye ufa. Ndani hana upweke. Kuna Binti akiwa na miaka sita anaomba peremende kwa kunong'ona, kuna Wifi akiwa bibi harusi anauliza choo kiko wapi, kuna karani wa zamani ambaye hakuna anayekumbuka alipitaje pale. Shangazi anawajibu wote, huku akishona gauni la harusi, lile lenye kola ya duara.

Saa kumi na dakika ishirini cherehani nyingine inaungana na yake, na sauti ya kijana inasema nyumba ni yako, siku yoyote ukitaka tunageuza.

"Sawa, mdogo wangu," anasema Shangazi, pini midomoni. Siku hizi anaongeza neno. "Lini?"

Mwanga unapinda, kwa hiyo anamwona mdogo wake vizuri: yuko katikati ya kochi, amevaa soksi, rimoti mkononi. Naye anamwona dada yake.

"Kesho, Dada," anasema.

Neno hilo linaanguka kwenye zulia, linazunguka sebule mara moja, linaiona njia ya korido, linakuja. Linafika kwenye mlango wa stoo likiwa limechoka kidogo. Shangazi anasogeza mguu, nalo linapata nafasi pembeni, pamoja na wenzake.